Askofu Joseph Kiwanuka na Wazazi wa Shule ya Parokia

Mwanachuo anayekwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika wilaya ya Same hukuta shule za aina nyingi. Tambarare, kando ya barabara kuu, na juu milimani ziko shule za serikali ambazo zamani zilianzishwa na wamisionari wa Kilutheri, wa Kisabato au wa Kikatoliki. Ziko pia shule za msingi zilizofunguliwa na parokia katika miaka ya karibuni, baada ya sera ya elimu ya mwaka 1995 kupanua nafasi ya watu binafsi na mashirika ya dini katika utoaji wa elimu. Katika shule za namna hii mwalimu kijana huwa chini ya macho ya watu wengi: mwalimu mkuu, kamati au bodi ya shule, paroko, masista, mkaguzi na wazazi. Wote hao wanaitaka shule njema, lakini si wakati wote wanaelewana juu ya nani aamue jambo lipi.

Swali hili la nani mwenye shule ni la siku nyingi. Mtu mmojawapo wa Afrika Mashariki aliyelijibu kwa matendo ni Askofu Joseph Kiwanuka wa Masaka, Uganda. Tumechagua kueleza maisha yake katika toleo hili kwa sababu mbili. Kwanza, ni historia ambayo mwalimu aweza kuitumia darasani. Pili, inamfundisha mwalimu mwenyewe namna ya kukaa na wazazi na viongozi wa shule yake.

Utoto na masomo

Joseph Kiwanuka alizaliwa tarehe 25 Juni 1899 huko Nakirebe, Mawokota, katika nchi ya Buganda. Wakati huo Wamisionari wa Afrika, ambao watu waliwaita Mapadri Weupe, walikuwa wamefikisha miaka 20 tangu kuwasili katika baraza la Kabaka Mutesa I, mwaka 1879. Kumbukumbu za mashahidi wa Uganda waliouawa katika miaka ya 1885 hadi 1887 zilikuwa bado mbichi katika kila nyumba ya Wakristo, na kijana huyu alikua akisikia habari za watu ambao wazee wake waliwajua kwa sura.

Alianza kusoma katika shule ya misheni ya Mitala Maria. Mwaka 1914 aliingia seminari ndogo ya Bukalasa, na mwaka 1923 akaendelea katika seminari kuu ya Katigondo. Alipata daraja ya upadri tarehe 26 Mei 1929. Mwanachuo ahesabu mwenyewe: tangu kuingia Bukalasa hadi siku ya upadirisho ilipita miaka 15, na padri mpya alikuwa karibu na umri wa miaka 30.

Urefu huo wa masomo una maana yake. Aliyesimamia malezi ya mapadri katika Buganda alikuwa Askofu Henri Streicher, Mfaransa, ambaye makao yake makuu yalikuwa Villa Maria karibu na Masaka. Streicher aliamini kwamba Kanisa la Uganda lingesimama imara siku lingekuwa na mapadri wazalendo waliosoma sawasawa na mapadri wa Ulaya. Wapo waliomwona kuwa anapoteza muda na fedha. Yeye hakupunguza kiwango cha masomo wala hakukata tamaa. Baada ya karibu miaka 20 ya kazi ya seminari, tarehe 29 Juni 1913, aliwapadirisha Basil Lumu na Victoro Mukasa Womeraka, mapadri wa kwanza wa Kiganda. Kiwanuka ni tunda la subira hiyo hiyo. Mwalimu aliyekwisha kuchoka na darasa baada ya muhula mmoja yafaa aitafakari habari hii.

Roma na Algeria

Baada ya upadirisho Kiwanuka alipelekwa Roma kusomea sheria za Kanisa, akapata shahada ya udaktari mwaka 1932. Elimu ya daraja hilo ilikuwa nadra kabisa kwa Mwafrika wa zama hizo, ndani au nje ya Kanisa. Kisha alikwenda Algeria kufanya unovisi wa Wamisionari wa Afrika, akawa mmoja wa Waafrika wa mwanzo kuingia katika shirika lile lililokuwa limewaleta mapadri wa Ulaya nchini kwake.

Aliporudi Uganda mwaka 1933 alifanya kazi ya parokia, halafu akawa mwalimu katika seminari kuu ya Katigondo. Hapa twaona mtu aliyepitia ngazi zote: mwanafunzi wa shule ya misheni, mwanafunzi wa chuo cha nje, padri wa kijijini na mwalimu wa walimu. Alipokuja kuwa kiongozi wa shule nyingi hakuwa akizijua kwa taarifa za karatasi peke yake.

Tuongeze kwamba seminari ya Katigondo haikuwalea Waganda tu. Laurean Rugambwa wa Kagera, ambaye aliwekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1952 na kufanywa kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama zetu mwaka 1960, naye alisoma huko. Mpaka uliochorwa na wakoloni kati ya Uganda na Tanganyika haukuwazuia vijana wenye kiu ya elimu.

Askofu wa Masaka

Tarehe 25 Mei 1939 Padri Kiwanuka aliteuliwa kuongoza Vikarieti ya Masaka, na tarehe 29 Oktoba mwaka huo aliwekwa wakfu kuwa askofu huko Roma, katika Kanisa la Mtakatifu Petro. Papa Pius XII mwenyewe ndiye aliyeongoza ibada hiyo, na maaskofu 12 waliwekwa wakfu siku hiyo moja. Mmoja wa waliomsaidia Papa alikuwa mzee Streicher, aliyekuwa amekwisha kustaafu. Vita Kuu ya Pili ilikuwa haijatimiza miezi miwili.

Kwa tendo hilo Kiwanuka akawa askofu Mkatoliki wa kwanza Mwafrika kusini mwa Sahara katika zama hizi. Kabla yake twamjua Henrique, mwana wa mfalme wa Kongo, aliyekuwa askofu katika karne ya 16. Kati ya hao wawili zilipita karne nne.

Masaka ilikabidhiwa mapadri wazalendo. Wamisionari walitoka katika parokia, na mapadri wa Kiafrika wakachukua nafasi zao zote. Mwanachuo na aufikirie mzigo huo. Ilikuwa miaka 23 kabla ya uhuru wa Uganda. Serikali, mahakama na idara ya elimu zilikuwa mikononi mwa Waingereza. Lau hesabu za fedha za Masaka zingeharibika, au shule zake zingeporomoka, wengi wangesema kwamba Mwafrika hawezi kujitawala, na njia ingefungwa kwa wengine waliokuwa wakifuata. Kiwanuka alijua kwamba kila kosa lake lingehesabiwa kuwa kosa la watu wake wote.

Shule za parokia

Katika Uganda kama katika Tanganyika, elimu ya Waafrika ilianza mikononi mwa misheni. Serikali ya Uganda iliunda idara yake ya elimu mwaka 1925, baada ya ziara ya tume ya Phelps-Stokes ya mwaka 1924, na tangu hapo ikatoa ruzuku kwa shule zilizofikia viwango vilivyowekwa. Lakini uendeshaji ulibaki kwa misheni. Katika parokia padri ndiye aliyekuwa meneja wa shule, na shule ndogo za vijijini zilitegemea sana makatekista waliofundisha dini pamoja na kusoma na kuandika.

Mpango huo ulikuwa na faida na hasara. Faida yake ni kwamba shule ilikuwa na mtu mmoja wa kuuliziwa. Hasara yake ni kwamba mzazi alikuwa msikilizaji tu. Alileta mtoto, akalipa karo, akaitwa kujenga au kuezeka, kisha akarudi nyumbani. Padri alipohamishwa, mara nyingi bidii ya shule ilihama naye.

Askofu Kiwanuka aliubadili mpango huo kwa njia mbili. Kwanza, aliunda halmashauri za parokia ambazo wajumbe wake walichaguliwa na waamini wenyewe. Pili, aliunda vyama vya wazazi vilivyopewa sehemu ya kweli katika kuziendesha na kuzitunza shule. Mambo haya aliyafanya kabla ya Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikani, uliofanyika miaka ya 1962 hadi 1965 na kuhimiza ushirikiano wa namna hiyo katika Kanisa lote. Mahali pengi halmashauri za walei zilikuja baada ya Mtaguso. Masaka ilikuwa imekwisha kuzizoea.

Kwa nini tunalitilia mkazo jambo hili? Kwa sababu uchaguzi hubadili tabia ya mchaguliwa na ya mchaguzi pia. Mjumbe aliyechaguliwa na majirani hana budi kurudi kwao na kuwaeleza fedha zimekwenda wapi. Na mzazi aliyepiga kura hawezi tena kusema kwamba shule ni mali ya padri. Kwa padri nako kuna gharama: hana budi kusikiliza maoni asiyoyapenda, na kuonyesha daftari la hesabu kwa mkulima asiyejua Kilatini. Kiongozi asiyejiamini hawezi kulikubali hilo. Kiwanuka, aliyekuwa na elimu kubwa kuliko karibu wote waliomzunguka, hakuona haya kuwauliza wakulima.

Hakuwaachia wazazi kazi yote. Masaka ilikuwa na mashirika mawili ya watawa wazalendo waliofundisha: Masista Bannabikira, shirika lililoanzishwa mwaka 1910, na Mabruda Bannakaroli, lililoanzishwa mwaka 1927. Aidha, askofu aliwapeleka mapadri wake ng'ambo kwa masomo ya juu, ili uongozi wa jimbo na wa vyuo uwe mikononi mwa watu waliohitimu. Kwa hiyo nguzo za shule zilikuwa tatu: walimu waliofunzwa, wazazi waliochagua wawakilishi wao, na mapadri waliosoma. Nguzo moja ikilegea, nyingine mbili huelemewa.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1953 Masaka ilifanywa jimbo kamili. Tarehe 20 Desemba 1960 Kiwanuka aliteuliwa kuwa Askofu Mkuu wa Rubaga, yaani Kampala, na nafasi yake Masaka ikachukuliwa na Adrian Ddungu. Aliingia Rubaga katika kipindi kigumu. Uganda ilikuwa inaelekea kwenye uhuru wa tarehe 9 Oktoba 1962, na siasa za vyama zilikuwa zimeshikana na habari za dini na heshima ya Kabaka. Mnamo Novemba 1961 alitoa barua ya kichungaji kuhusu Kanisa na serikali, akionya juu ya hatari ya kumwingiza Kabaka katika mashindano ya vyama. Barua hiyo iliwaudhi wakuu wa Mengo. Yeye mwenyewe alikuwa Mganda na alimheshimu mfalme wake, lakini aliona kwamba kunyamaza kungekuwa kuwapotosha watu.

Alihudhuria Mtaguso wa Vatikani, na tarehe 18 Oktoba 1964 alikuwepo Roma Papa Paulo VI alipowatangaza mashahidi 22 wa Uganda kuwa watakatifu. Katika miaka hiyo hiyo serikali ya Uganda huru ilichukua madaraka ya kuziendesha shule zilizokuwa zikipata ruzuku. Askofu Mkuu Kiwanuka alifariki tarehe 22 Februari 1966, akiwa na umri wa miaka 66.

Hapa twawatahadharisha wanachuo juu ya jina. Yupo Mganda mwingine mashuhuri, Benedicto Kiwanuka, aliyekuwa Waziri Mkuu mwaka 1962 na baadaye Jaji Mkuu, aliyeuawa wakati wa utawala wa Idi Amin mwaka 1972. Vitabu na wanafunzi huwachanganya watu hawa wawili. Mwalimu asiwachanganye.

Kutoka Masaka hadi Same

Huenda mwanachuo akauliza mambo ya Masaka yanatuhusu nini sisi wa Upare. Same ilikuwa sehemu ya Jimbo la Moshi, ambalo mwaka 1960 lilipata askofu wake wa kwanza Mwafrika, Joseph Kilasara. Mwaka 1963 Same ilitengwa na kuwa eneo la kitume la pekee, mwaka 1977 ikawa jimbo, na mwaka 1979 Josaphat Lebulu akawa askofu wake wa kwanza. Njia iliyofunguliwa Masaka mwaka 1939 ndiyo iliyopitiwa na wengine baadaye.

Kwa upande wa shule, Tanzania nayo ilipata mabadiliko makubwa. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule za mashirika ya dini zilizopata msaada wa serikali ziliwekwa chini ya uendeshaji wa serikali. Jambo hilo liliwafungulia mlango watoto wa dini zote, na hiyo ni faida kubwa katika wilaya kama yetu ambamo Walutheri, Wasabato, Wakatoliki na Waislamu ni majirani katika kijiji kimoja. Lakini pale ambapo wazazi walikuwa wamezoea kuiona shule kuwa ya misheni, wepesi wa kuiona sasa kuwa ya serikali ulikuwa mkubwa. Mwenye shule alibadilika jina, na mzazi akabaki msikilizaji kama zamani. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002, ulizipa kamati za shule kazi ya kusimamia fedha za ruzuku na ujenzi. Kamati hizo zilifanikiwa pale tu wajumbe walipojua haki na wajibu wao.

Wapare hawana haja ya kwenda mbali kujifunza ushirikiano. Katika milima yetu wazee walichimba ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanya maji ya vijito, na mifereji ya kuyapeleka mashambani kwa zamu. Ndiva haidumu bila watu kutoka pamoja kuzibua tope na kuziba nyufa. Kazi hiyo ya pamoja, msaragambo, ndiyo pia iliyojenga madarasa mengi katika Same na Mwanga. Anayepata maji hutoa jasho, na anayetoa jasho ana sauti juu ya zamu. Kanuni hiyo ndiyo aliyoitumia Kiwanuka katika shule za Masaka. Mahali ambapo wazazi huitwa kwa msaragambo wa matofali na hawaitwi wakati wa kusomwa kwa hesabu, kanuni imevunjwa, na mwalimu asishangae watu wakipungua.

Namna ya kuyafundisha maisha haya

Somo hili lafaa madarasa ya juu ya shule ya msingi. Tunapendekeza hatua zifuatazo.

Kwanza, mwalimu achore ubaoni mstari wa wakati kuanzia 1899 hadi 1966, akiacha nafasi sawa kwa kila miaka kumi. Wanafunzi wenyewe wapachike matukio: 1914, 1929, 1939, 1953, 1960, 1964. Kisha wakokotoe miaka ya masomo na miaka ya uaskofu. Hivyo historia na hisabati zitasaidiana.

Pili, kwa ramani ya Afrika na Ulaya wafuate safari yake kutoka Nakirebe hadi Katigondo, Roma, Algeria na kurudi Masaka. Ramani iliyochorwa kwa mkaa juu ya gunia yatosha.

Tatu, darasa liigize mkutano wa chama cha wazazi. Mmoja awe padri, mmoja mwalimu mkuu, mmoja mweka hazina, na wengine wazazi. Jambo la kuamua liwe moja na dhahiri, kwa mfano kama fedha zilizopo zinunue madawati au zichimbe choo. Mwalimu asiwape jibu. Awaachie wapige kura, halafu waliochaguliwa watoe taarifa mbele ya wenzao.

Nne, wanafunzi wawaulize wazee wa kijiji shule yao ilianzishwaje, nani alibeba mawe na nani alitoa kiwanja. Habari hizo ziandikwe na kutunzwa shuleni.

Jambo moja la tahadhari. Katika darasa la watoto wa dini mbalimbali, maisha ya askofu yafundishwe kama historia. Mwalimu Mkatoliki asiligeuze somo kuwa mahubiri, wala mwalimu wa dini nyingine asilipite kwa haraka kwa sababu muhusika wake ni padri. Mtoto wa Kiislamu na mtoto wa Kisabato wana haki sawa ya kujua kwamba Mwafrika alikabidhiwa kazi ambayo wengi walidai haiwezi, akaifanya kwa miaka 21 kabla ya kuhamishiwa Rubaga, na akaifanya kwa kuwashirikisha wakulima.

Maswali ya majadiliano

1. Taja nguzo tatu za shule za Masaka, na eleza ni ipi iliyo dhaifu zaidi katika shule uliyofanyia mazoezi.

2. Kwa nini uchaguzi wa wajumbe ni bora kuliko uteuzi wao unaofanywa na paroko au mwalimu mkuu? Kuna hali gani ambamo uchaguzi waweza kuleta madhara?

3. Wazazi wametoa nguvu zao kujenga darasa, lakini hawajaonyeshwa hesabu. Wewe ni mwalimu mgeni katika shule hiyo. Eleza hatua utakazochukua, ukizingatia heshima kwa mwalimu mkuu, kwa viongozi wa dini na kwa wazazi wenyewe.